Kasha la plastiki halizuii mawimbi: kutafuta kelele za umeme katika vifaa vya Goma

Mizani ilikuwa ya kupimia maharage, katika depo moja ya Birere, hapa Goma. Sahani ya chuma juu, kasha la plastiki, betri ndani, waya mmoja kutoka kwenye kihisi cha uzito hadi kwenye kioo cha namba. Mama mwenye depo aliniita kwa sababu wateja walikuwa wameanza kumshuku. Gunia limetulia, linasoma kilo 50, mara 53, mara 48, halafu linarudi 50 bila mtu kuligusa. "Fundi, hii mizani inanigombanisha na watu," aliniambia. Nikabadilisha betri. Nikasafisha viunganishi. Nikamnunulisha kihisi kipya, na pesa hiyo ikaenda bure. Jambo hilo linaniuma hadi leo. Siku ya tatu nilikuwa nimekaa palepale nikitazama namba, sentineli wa mlangoni akabonyeza redio yake ya mkononi kumjibu mwenzake, namba zikaruka. Akaachia kitufe, zikatulia.

Mizani ilikuwa nzima. Ilikuwa inaisikia redio ya sentineli.

Tangu hapo, kifaa chochote cha plastiki kikiletwa na ugonjwa wa "mara kinafanya, mara kinakataa", nakiuliza kwanza habari za mawimbi kabla sijafungua skrubu hata moja. Hapa naandika njia ninayoifuata, dalili kwa dalili, kwa ajili ya mafundi wenzangu wa Goma na popote penye vifaa kama vyetu.

Chuma kilikuwa kinafanya kazi tatu

Redio na ampli za zamani zilikuja katika masanduku ya chuma. Sanduku lile lilikinga mawimbi, hilo kila fundi analijua. Kazi ya pili ndiyo tunayoisahau: liliunganisha masi za viunganishi vyote (masi ni upande wa saketi tunaouhesabu kuwa volti sifuri) kwa njia fupi na pana, hivyo kelele iliyoingia kwa waya mmoja ilipita kwenye ukuta wa sanduku na kutokea kwa waya mwingine bila kuikanyaga saketi. Kazi ya tatu ilikuwa usalama wa mtu, umeme ukivuja.

Plastiki imechukua kazi ya tatu peke yake. Ndiyo maana chaja nyingi zina alama ya mraba ndani ya mraba na plagi ya miguu miwili: kinga imewekwa mara mbili, tere, yaani waya wa kwenda ardhini, haihitajiki. Zile kazi mbili nyingine hazina mwenyewe tena. Kwa wimbi la redio, ukuta wa plastiki ni dirisha lisilo na kioo.

Basi fundi anayehamisha saketi kutoka sanduku la chuma lililooza kwenda kwenye bwati la plastiki, halafu ampli ikaanza kunguruma, asiilaumu saketi. Kama ampli ni ya betri, aweke kipande cha tole, yaani bati la chuma, chini ya saketi, kikubwa kama saketi yenyewe, akishikize kwenye masi pale nyaya zinapoingia, na nyaya zote aziingize upande mmoja. Waya wa spika ukitokea kushoto na wa umeme kulia, kelele inalazimika kuvuka saketi nzima kutoka huku hadi kule. Zikikaa upande mmoja, inageuka mlangoni.

Masi si tere

Kuna jambo nalisikia kila wiki: "Goma hatuna tere nzuri, kelele haziwezi kuisha." Nusu ya kwanza ni kweli. Chini yetu ni mwamba wa lava, na ile ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji. Kupigilia fimbo ya shaba kwenye jiwe lile ni kazi ngumu, na jiwe kavu halipitishi umeme vizuri. Nusu ya pili si kweli. Kelele ya redio haitafuti udongo. Inatafuta kurudi kule ilikotoka, kwenye transista inayowaka na kuzima ndani ya kifaa, na itapita popote itakapopata njia. Waya wa mita 10 unaoshuka hadi kwenye fimbo una kizuizi cha omu 60 hivi kwa megahezi 1 tu, na juu ya hapo kinazidi. Ndege inaruka na redio zake zote bila waya wowote ardhini.

Tere itafutwe kwa ajili ya uhai wa mtu na kwa ajili ya radi, ambayo milima hii ya magharibi ya Kivu inaipata kuliko karibu mahali pengine popote duniani. Kelele tuzitafutie masi fupi.

Kipimo cha kwanza ni redio ndogo

Huhitaji mashine ya maelfu ya dola. Chukua redio ndogo ya betri, iweke kwenye AM mahali pasipo na stesheni, ipitishe karibu na kifaa, kisha uitembeze kando ya kila waya. Mara nyingi utashangaa: juu ya kasha mngurumo ni wa kawaida, lakini mita mbili mbali, kandokando ya waya, unazidi. Hapo umeshapata anteni.

Halafu chomoa waya mmoja mmoja, kifaa kikiwa kinafanya kazi ikiwezekana. Kelele ikikatika ukichomoa waya fulani, shughulika na waya huo na uache kasha. Nasisitiza hapa kwa sababu mkono wa fundi hukimbilia karatasi ya aluminiamu. Kasha la sentimita 10 ni anteni mbaya kwa megahezi 50. Waya wa mita moja ni anteni nzuri sana. Mikroampea 5 tu za mkondo unaokwenda upande mmoja katika waya wa mita moja, kwa megahezi 50, zinatosha kupita kikomo cha Marekani kwa vifaa vya nyumbani, yaani mikrovolti 100 kwa mita ukipimia umbali wa mita 3. Mikroampea 5! Multimita yako haizioni.

Redio inanguruma sola ikianza kuchaji

Asubuhi FM iko safi. Jua likipanda, stesheni za mbali zinazama. Chanzo ni kidhibiti cha sola, ambacho ndani yake transista inakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila ukataji una mikia inayofika hadi kwenye megahezi. Kasha lake ni la plastiki, lakini kosa kubwa kwa kawaida liko juu ya paa: waya chanya umepita upande mmoja wa nyumba na hasi upande mwingine, kwa sababu aliyefunga alifuata misumari iliyokuwepo. Nyaya hizo mbili zimechora duara la mita za mraba kadhaa, na duara kama hilo ni anteni.

Zisokote pamoja kutoka paneli hadi kwenye kidhibiti. Kazi hiyo haina gharama ila muda, na nimeona nyumba ambazo haikuhitajika nyingine. Kelele ikibaki, weka kapasita ya nanofaradi 100 kati ya chanya na hasi kwenye skrubu za kidhibiti zenyewe, miguu yake ikiwa mifupi kabisa, yenye volti zinazozidi zile za paneli isipobeba mzigo. Kisha feraiti, yaani kipande cheusi chenye tundu kinachovishwa kwenye waya ili kuzuia kelele.

Kuhusu feraiti, mambo matatu. Kwanza, pitisha chanya na hasi pamoja katika tundu moja. Ukipitisha mmoja, mkondo wa paneli unaijaza sumaku na feraiti inalala. Pili, waya ukizunguka mara tatu, kizuizi kinakua karibu mara tisa. Afadhali feraiti moja yenye mizunguko mitatu kuliko tatu zilizopangwa mstari. Tatu, angalia unaichomoa wapi. Ule uvimbe wa plastiki kwenye kebo za skrini za zamani ni feraiti nzuri. Pete ya njano yenye upande mmoja mweupe kutoka kwenye usambazaji umeme wa kompyuta ni unga wa chuma uliogandishwa, haukutengenezwa kuzuia kelele, na mafundi wengi wameihukumu dawa nzima kwa sababu ya pete hiyo.

Kama kelele inakuja usiku, taa zikiwashwa, chunguza balbu za LED moja moja. Ile yenye kelele kwa kawaida iliuzwa bila kichujio ndani. Badilisha balbu, usipoteze siku.

Kipaza sauti kinalia "ti-ti-ti" simu ikikaribia

Hii inajulikana kanisani na kwenye matanga. Simu ikiwa kwenye mtandao wa 2G inatuma kwa vipande vifupi, mara 217 kwa sekunde. Ampli haiwezi kuikuza megahezi 900, lakini transista ya kwanza inalivunja wimbi na kubakiza umbo lake, na umbo hilo la mara 217 ndilo sikio linalolisikia.

Tafuta mguu wa kuingilia wa IC (chipu) au transista ya kwanza, uweke kapasita ya seramiki ya pikofaradi 33 kutoka hapo hadi masi, ndogo iwezekanavyo na karibu iwezekanavyo. Fundi aliyezoea kufikiri kwamba kapasita kubwa ni bora ataweka ya nanofaradi 100 na kushangaa: sauti inakuwa butu, na "ti-ti-ti" iko palepale. Kwa masafa ya simu, miguu ya kapasita kubwa imeshageuka koili. Kama kebo ya maikrofoni ina wavu, hakikisha wavu umeshikwa kwenye masi pale kebo inapoingia.

Skrini ya simu inaruka inapochajiwa

Unaandika "a", inatokea "p". Chomoa chaja, inatulia. Kosa ni la chaja: inasukuma kelele kwenye nyaya zote mbili kwa pamoja, simu nzima inapanda na kushuka kwa volti nyingi kulinganisha na mwili wako, na kidole kinapogusa kioo, kioo kinahesabu kelele hiyo kama miguso. Katika chaja nzuri, kapasita ndogo maalumu inaziba njia hiyo kati ya upande wa ukutani na upande wa simu. Katika zile za bei ya chini sana naikuta nafasi yake tupu kwenye saketi.

Usiijaze nafasi hiyo kwa kapasita ya kawaida. Lazima iwe ya daraja la Y, iliyotengenezwa ili isigeuke njia ya umeme hata ikiungua. Ya kawaida ikiungua inaweza kuiweka volti 220 kwenye simu iliyo mkononi mwa mtu. Chaja ya namna hiyo naitupa na namwambia mwenye nayo kwa nini.

Mashine ya vifaranga inajizima au inasahau joto

Rilei, ile swichi inayovutwa na koili, ikikatika, joto lililowekwa linarudi sifuri. Watu husema plastiki imeruhusu kelele iingie. Hapana, kelele imezaliwa ndani. Koili ya rilei ikikatwa inarudisha volti kali, na mguso wake unaokata taa au pampu unatoa cheche. Diodi ya 1N4007 kwenye koili, upande wa mstari ukielekea chanya. Kwenye mguso unaokata mota, omu 100 na nanofaradi 100 zikifuatana, kapasita ikiwa ya daraja la X2, lile la umeme wa ukutani. Waya wa kihisi cha joto usifungwe pamoja na waya wa taa, hata kama kufunga pamoja kunapendeza machoni.

Kifaa kinaganda ukikigusa tu

Huonekana zaidi Juni na Julai, hewa ikikauka, na mtu akiwa amevaa sweta la nailoni. Cheche haipiti katikati ya plastiki ya milimita 2. Inapita kwenye mshono wa kasha, kwenye tundu la taa ndogo, au kwenye skrubu ya chuma ambayo ncha yake ya ndani iko milimita chache kutoka kwenye saketi. Vipimo vya kimataifa hujaribu vifaa vya nyumbani kwa volti 8,000 kupitia hewani. Sisi tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi, na cheche ileile inaruka mbali kidogo kuliko ingeruka pwani. Weka skrubu ya plastiki, sogeza saketi mbali na mshono, au paka silikoni kwenye mshono kwa ndani.

Nimefunika kwa aluminiamu, imezidi kuwa mbaya

Nimeambiwa hivi mara nyingi kiasi kwamba naiandikia sehemu yake. Lakini kwanza onyo, na naomba lisomwe mara mbili: usiweke karatasi ya chuma ndani ya kasha la plastiki lenye umeme wa ukutani. Kasha hilo ndilo kinga ya mtu. Karatasi ikilegea ikagusa upande wa volti 220, kisha ikatokeza kwenye skrubu, umetengeneza mtego. Ninayosema hapa ni ya vifaa vya betri tu.

Karatasi isiyounganishwa na kitu haikingi. Inapokea kelele kutoka sehemu moja ya saketi na kuipeleka nyingine. Inapaswa kushikwa kwenye masi, mahali nyaya zinapoingia, kwa kipande kipana na kifupi. Mkia wa waya wa sentimita 5 una karibu omu 47 za kizuizi kwa megahezi 150, na kwa wimbi la redio ya sentineli hapo ni kama hujaunga.

Vipande vya karatasi vikikutana kwa gundi havijakutana, kwa kuwa gundi haipitishi umeme. Kunja kingo pamoja, chuma kwa chuma, na uzibane kwa skrubu. Aluminiamu haishiki risasi ya kulehemu ya kawaida, kwa hiyo ukipata utepe wa shaba, chukua huo. Rangi ya nikeli ni nzuri ikipakwa sawasawa ndani ya kasha zima. Rangi ya grafiti upinzani wake ni mkubwa mno kwa kazi hii.

Mwanya mrefu ni mbaya kuliko tundu pana. Urefu ndio unaoamua, hata kama upana ni unene wa ukucha. Wimbi la megahezi 900 lina sentimita 33. Mwanya wa sentimita 16 kando ya kifuniko unalipitisha kama mlango, kwa hiyo mianya ibaki chini ya sentimita moja na nusu. Kwa kupoza, toboa matundu madogo mengi badala ya kukata mfereji mmoja.

Na kuna kelele ambayo karatasi haiigusi kabisa: sumaku ya koili ya inveta inayofanya kazi kwa kilohezi 50. Kwa masafa hayo wimbi linapenya aluminiamu hadi karibu milimita 0.37, wakati karatasi ya jikoni ina milimita 0.016 hivi. Geuza koili, isogeze, au weka tole la chuma la kweli kati yake na saketi inayosumbuliwa. Kama kifaa chenyewe kina anteni ndani, ya Wi-Fi au ya SIM, usikifunike. Utakizika kikiwa hai.

Nilichokifanya kwenye mizani

Kihisi cha uzito cha kawaida kinatoa milivolti 2 kwa kila volti inayopewa. Kwa volti 5, uzito wote wa kilo 150 ni milivolti 10. Kilo 3 za uongo basi ni milivolti 0.2. Redio ya wati 5 kwa umbali wa mita moja inatoa karibu volti 16 kwa mita, wakati vifaa vya nyumbani na ofisini hupimwa kwa 3 na vya viwandani kwa 10. Na kebo ya kihisi ilikuwa na nusu mita, robo kamili ya wimbi la megahezi 150. Kama mtu angetaka kutengeneza anteni ya redio ile, angekata waya wa urefu huohuo.

Wavu wa kebo ulikuwa umeungwa kwa mkia mrefu upande wa pili wa saketi. Niliukata, nikaushika kwenye masi pale pale kebo inapoingia. Nikaizungusha kebo mara tatu kwenye feraiti iliyotoka kwenye kebo ya skrini, ndani ya kasha, kando ya tundu. Nikaweka kapasita za nanofaradi 1 kutoka kila waya wa ishara hadi masi, kabla ya IC inayokuza.

Kisha nikamwomba sentineli anisaidie. Tuliweka gunia, akasimama mita 3, akabonyeza: 50. Mita 2: 50. Mita moja: 50, na Mama akahesabu kwa sauti hadi kumi huku kitufe kimebonyezwa. Kwa nusu mita, namba ilihama gramu 200. Nilimwonyesha Mama hiyo gramu 200 bila kuificha, tukachora mstari wa chokaa sakafuni, mita moja na nusu kutoka kwenye mizani, na sentineli anajibu redio yake akiwa nje ya mstari.